Kila Mama Alipoita, Renki Ilishuka

Mdogo wangu wa kike ndiye mchezaji hodari kuliko wote niliowahi kuwaona kwa macho yangu mawili, na kwa misimu mitatu mfululizo simu yake ilikuwa ikisema si kweli. Mimi sipendi kubishana na mashine. Lakini nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya takwimu, sina kazi, na sikuwa na chochote cha kuhesabu isipokuwa kuku wa mama. Basi nikaamua kubishana.

Kwetu ni Likoni, upande wa Mtongwe. Wakati huo tulikuwa watatu nyumbani, mama na sisi mabinti zake wawili, kwa kuwa baba hushinda shamba na huja mara moja moja. Mdogo wangu alikuwa amemaliza shule na anajifunza ushoni, na kila siku baada ya sala ya alasiri hutandika mkeka uani, huegemea ukuta, akacheza.

Mchezo wenyewe ni wa timu mbili, watano kwa watano, kila mtu na simu yake popote alipo duniani. Kila timu ina ngome yake ya kulinda, na inataka kuibomoa ya wenzake. Mkishinda mnaongezwa pointi, mkishindwa mnapunguzwa, na pointi hizo ndizo zinazompa mtu renki. Unaanza Bronzi, unapanda Silva, halafu Goldi, halafu Daimondi, huko juu wanakokaa wakubwa. Msimu ukiisha wote mnateremshwa mkaanze kupanda upya. Mimi niliwahi kufika Bronzi na nikakaa huko kwa amani.

Mdogo wangu alikuwa Goldi. Alifika Goldi upesi kila msimu, akausogelea mlango wa Daimondi hadi akawa kama anauona ufunguo, kisha akaporomoka. Akapanda tena, akaporomoka tena. Na msimu ule kuporomoka kulikuwa na maana, kwa sababu kijana mmoja wa Magongo alikuwa anaunda timu ya ng'ambo zote zinazokizunguka kisiwa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, ya kwenda kupambana na vijana wa kisiwani kwenye ukumbi mmoja huko Changamwe. Wachezaji wanne alikuwa nao tayari, naye mwenyewe akiwa mmoja wao. Alikuwa anamtafuta wa tano, na sharti lake lilikuwa moja tu. Awe Daimondi kabla ya msimu kuisha.

"Nikikwama tena msimu huu, naufuta," mdogo wangu aliniambia, macho yake yakiwa kwenye sindano aliyokuwa akiitia uzi. "Mimi si mchezaji, dada. Nilikuwa najidanganya."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema sukari imekwisha. Iliniuma. Huyu mtoto nilimwona akiwa peke yake ngomeni, wenzake wote wameanguka, akawapokea maadui watano mmoja baada ya mwingine hadi nikasimama juu ya kinu nikipiga vigelegele. Mtu wa namna hiyo aseme yeye si mchezaji? Nikamwambia, nipe simu.

Mchezo ule huweka kumbukumbu ya kila pambano, nani alishinda, nani alifanya nini, na pointi zilikwenda wapi. Nilizihamishia zote kwenye kompyuta yangu, nikachora grafu. Wallahi, niliipenda grafu ile. Nilikuwa nimekaa miezi nikijaza maombi ya kazi, na ghafla nina swali la kweli mbele yangu, lenye jibu la kweli mahali fulani, na linamhusu mtu ninayempenda. Sikula vizuri siku hizo, na sikujali.

Grafu za wachezaji wengine, nilizozitazama ili nilinganishe, zilikuwa na mawimbi. Wanapanda kidogo, wanashuka kidogo, wanatulia panapowafaa. Ya mdogo wangu haikuwa na mawimbi. Ilipanda moja kwa moja kama mkwezi kwenye mnazi, halafu puu, chini. Hakuna kuteleza polepole. Mtu alikuwa akimsukuma.

Nikaanza kumtafuta anayesukuma. Kwanza nilishuku intaneti, nikamnunulia bando la mtandao mwingine, na grafu ikaanguka vilevile. Nikashuku chaji, nikawa nakaa kando yake na betri ya akiba mkononi kama muuguzi, na bado ikaanguka. Ndipo nikafika mahali ambapo wasomi hufika wakiishiwa, nikamlaumu mgonjwa.

"Unaogopa," nilimwambia. "Ukikaribia Daimondi moyo unakuwa mwepesi."

"Kama ni uoga, cheza wewe," akanitupia simu. Nilicheza. Ngome yetu ilibomolewa kabla sijajua kitufe cha kurushia mkuki kiko wapi, na mmoja wa wenzetu, sijui wa nchi gani, akaniandikia maneno ambayo namshukuru Mungu sikuyaelewa yote.

Jibu lilikuja siku ambayo sikuwa nalitafuta. Tulikuwa uani wote wawili, mimi na kompyuta yangu, yeye na simu yake, na alikuwa anashinda, anashinda vizuri, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo kama afanyavyo akinogewa. Mama akaita kutoka ndani, kwa ile sauti anayomwitia mdogo wangu.

"Mwanangu we!"

"Abee, mama!"

Na hapohapo simu ikalazwa mkekani kifudifudi, na mdogo wangu hayupo. Alikuwa ameshaingia ndani kabla sauti yake haijaisha. Mimi niliinyanyua ile simu. Askari wake alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mikono imelegea, na maadui wanampiga apendavyo kila mmoja. Wenzake wanne walikuwa wanakimbia huku na huku. Halafu kioo kikawa chekundu na likatokea tangazo kwamba mchezaji huyu ametoroka.

Niliruka. Kompyuta nusura ianguke. Nilipiga kelele ambayo siwezi kuiandika, na mama akauliza kutoka ndani kuna nini huko, nami nikajibu hakuna, mama, ni mjusi.

Sasa itanibidi nieleze jinsi tulivyolelewa. Mama akiita, binti huitikia abee, na mwili hufuata sauti. Kuitika halafu ukabaki ulipo ni sawa na kutoitika. "Nakuja" si jibu. "Subiri" sijawahi kusikia mtu wa nyumba yetu akimwambia mama, na sidhani kama angebaki na meno ya kusimulia. Na mama yetu ni mwitaji. Anaita ili akuniwe nazi, asomewe ujumbe, apelekewe jirani sahani ya mbaazi, atafutiwe miwani ambayo mara nyingi ipo kichwani mwake. Mimi mwenyewe nimeitikia maisha yangu yote, ndiyo maana sikuliona, wala mdogo wangu hakuliona, kwani akirudi hukuta pambano limekwisha akadhani wameshindwa tu. Sauti ile ilikuwa kwangu sawa na kuku wanaowika, ipo tu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa. Hakuna aliyetwambia kwamba kuna mahali utalisikia la mkuu na guu livunjike vilevile.

Nilirudi kwenye grafu. Kila poromoko lilikuwa utoro. Si kushindwa, utoro. Na mchezo ule humwadhibu mtoro vibaya. Humkata pointi nyingi kuliko aliyeshindwa kihalali, na zaidi ya hapo, mapambano kadhaa yanayofuata humpanga timu moja na watoro wenzake, ili wakomeshane. Hapo ndipo niliposimama kabisa. Kumbe muda mwingi mdogo wangu alikuwa akipanda kwenye ule mnazi huku amefungwa pamoja na watu wanaoachilia mikono katikati ya safari, na bado alikuwa anapanda! Nikayaweka kando mapambano yote aliyoitwa, nikapiga hesabu upya kwa yale tu aliyocheza hadi mwisho, nikilinganisha na nguvu za aliowashinda. Hakuwa Goldi. Hakuwa hata mlangoni mwa Daimondi. Alikuwa ameshaingia siku nyingi, amekaa, ameagiza chai.

Nilitaka uhakika zaidi, kwa hiyo nikawauliza wasichana anaocheza nao. Mmoja wa Mishomoroni, anayeishi kwa mama yake, amekwama Goldi. Mwingine wa Mikindani, naye kwa mama, Goldi. Mwenzao aliyepanga chumba chake Magongo alikuwa Daimondi, na wote walikubali kwamba hana lolote. Kuna mmoja alikuwa ameolewa, nikadhani huyu amepona, akanijibu, "Nimepona? Mama mkwe huniita kuliko mama!" Nilicheka hadi nikalazimika kukaa chini.

Nilipomwonyesha mdogo wangu, aliitazama kompyuta muda mrefu. Kwanza alicheka, akajitupa mkekani akishika tumbo. Halafu kicheko kikageuka, na nikaona anapangusa macho kwa ncha ya leso.

"Kwa hivyo mimi si mbovu?"

"Wewe," nilimwambia, "ni mtoto mwenye adabu. Ndiyo ugonjwa wako wote."

Nikampigia simu yule kapteni wa Magongo. Yeye ni mtu wa kutoka bara, Kiswahili chake kina mbio na kona, nami nilikuwa na furaha nyingi kuliko busara, nikamwaga hesabu zangu zote kwa pumzi moja. Alinisikiliza hadi mwisho, hilo nampa.

"Manze dadangu," akasema, "hizo ni stori za jaba, za watafuna miraa. Kila msee akiwa chini ako na sababu. Mwingine ni stima, mwingine ni bando, sasa wewe umeniletea mathe, ati mama anaita. Renki ni renki."

"Renki yako haipimi ustadi peke yake," nikamwambia. "Inapima pia mtu anaitwa mara ngapi."

Akasema, "Wacha afike Daimondi kabla msimu uishe. Akifika, nafasi ni yake. Lakini akitoka game katikati, ata mara moja, hiyo imeenda."

Mungu ni mwema. Juma hilohilo mama alikuwa na harusi ya mpwa wake Ukunda, na harusi za kwetu mama haziendei siku moja. Alifunga mkoba wake, akatuachia maagizo hadi ya paka, akaenda zake. Na hapo mimi nikapata kitu ambacho walimu wangu wa chuo wangekililia, yaani jaribio safi. Mchezaji yuleyule, simu ileile, mkeka uleule, tofauti moja tu. Nyumba bila mama.

Alipanda jamani. Alipanda nikiwa nimekaa kando nikiweka nukta moja baada ya nyingine kwenye grafu, na kila nukta juu ya mwenziwe. Nilikuwa nawaambia watu dukani. Nilimwambia muuza maji, ambaye hajui mchezo huo ni nini, naye akasema hongereni. Lakini hata wakati huo niliona jambo dogo. Kila pambano likifika katikati, mdogo wangu huinua kichwa kidogo kuelekea mlangoni, akasikiliza, kisha akarudi. Hakuna aliyemwita. Alikuwa anasikiliza tu.

Siku ya mwisho ya msimu ilikuwa Jumapili, na kilikuwa kimebaki kiasi cha ushindi mmoja. Kapteni akasema yeye na wenzake watatu watacheza upande wa mdogo wangu, waone kwa macho yao, baada ya alasiri. Na mama alikuwa amerudi Jumamosi.

"Mwambie mama asiniite," mdogo wangu akaninong'oneza jikoni.

"Mwambie wewe. Si wewe unayeitwa?"

"Wewe ndiye mkubwa."

Tulitazamana. Watu wazima wawili, mmoja ana shahada, na hakuna kati yetu aliyejua jinsi ya kupanga maneno hayo mdomoni. Utamwambia nini mzazi? Mama, kesho ukiwa na haja nami, nyamaza? Tuliyajaribu kwa sauti ya chini, kila namna, na kila namna ilisikika kama laana.

Basi nikaamua kufanya kama mtaalamu. Kama sababu za kuita zinajulikana, ondoa sababu. Jumapili tangu mchana niliingia kazini. Nilikuna nazi za leo na za kesho. Nilijaza maji kila chombo chenye uwezo wa kubeba maji. Nilimpelekea jirani sahani kabla sahani yenyewe haijafikiriwa. Niliusoma kila ujumbe kwenye simu ya mama, hata wa kampuni inayouza mikopo, nikamweleza. Nilimtafutia miwani, nikamvika mwenyewe. Mama alinitazama kwa hayo macho ya miwani.

"Wewe mwanangu una nini leo? Wataka kuolewa?"

"Sina kitu, mama. Nakusaidia tu."

"Haya," akasema, na akatandika mkeka mwingine baraza ya mbele, akakaa na ukili wake, akisuka.

Pambano likaanza. Kapteni na wenzake walikuwa wakisikika simuni, wanapeana habari kwa Sheng yao ya haraka, na mdogo wangu anajibu kwa Kiswahili chetu cha taratibu, "Mmoja yuaja kushoto, mwangalieni," naye kidole chake ni umeme. Upande wa pili walikuwa wakali. Ngome yetu ikapasuka upande mmoja. Ikapasuka upande wa pili. Wawili wetu wakaanguka, na kapteni akaanza kupiga kelele kwamba tumekwisha, na mdogo wangu akasema polepole, "Hatujesha, nifuateni mimi." Wakamfuata! Wale Daimondi wa Magongo, wakamfuata binti wa Goldi. Wakapenya nyuma, wakaipiga ngome ya adui, nami nilikuwa nimeuma leso nisipige kelele.

"Mwanangu we!"

Nilishafikiria hili. Nilipiga mbio hadi barazani nikajitupa mbele ya mama.

"Abee, mama! Nimekuja!"

"Sikukuita wewe," akasema mama.

Na nyuma yangu nikasikia, "Abee, mama," na hatua za miguu. Alikuwa ameitika, na alikuwa anakuja. Lakini safari hii simu ilikuwa bado mikononi, vidole vinakwenda, uso umeinama. Alifika, akakaa mkekani miguuni pa mama, hakuinua macho. Katika maisha yake hakuwahi kuja mbele ya mama na uso wake ukiwa mahali pengine.

Mama aliuweka ukili chini.

"Wanijia na uso ndani ya simu?"

Ndipo mimi nikafunguka kama mfereji. "Mama, usimkasirikie, mchezo huu hausimamishwi, si kama redio, akiiweka chini haimngojei, na wako wanne wengine, wamemtegemea, kila akiondoka wanabaki wanapigwa, na huyo ndiye aliyekataliwa misimu yote hii, si kwamba hajui, mama, anajua kuliko wote, ni kwamba kila ulipoita—"

Nilikuwa nimefika kwenye maneno yenyewe.

"Kila nilipoita?" mama akauliza.

"Aliitika," nikasema.

Mama akainama, akaitazama simu. Viaskari vilikuwa vinakimbizana. Akasikiliza zile sauti za vijana.

"Hawa wenzake ni watu? Watu kweli?"

"Watu, mama. Wako Magongo. Mmoja Kisauni."

"Na kila nilipomwita, aliwaacha?"

Mama yetu ni mtoto wa wakulima. Utoto wake wote walilima mweria, watu wa mtaa mzima wakiungana kwenye shamba la mmoja, kesho kwa mwingine, na hadithi anayoipenda ni ya mtu mmoja aliyeacha jembe katikati ya mweria akaenda zake, na hadi alipokufa watu walimtaja kwa hilo. Nilimwona akiifikia hadithi hiyo moyoni mwake.

"Mtu haachi mweria," akasema polepole. Kisha kwa sauti nyingine kabisa, "Kaa papo hapo! Usinyanyuke! Na huyo aliye nyuma yako mwamwacha kwa nini? Huyo! Huyo mwekundu!"

"Nimemwona, mama."

"Basi mpige!"

Akampiga. Mama akapiga makofi. Mimi nikapiga kelele yote niliyoikusanya tangu mchana, kuku wakatawanyika, na ngome ya adui ikaporomoka vipande vipande huku mama ameushika ukingo wa mkeka kwa mikono miwili. Kioo kikang'aa buluu. Daimondi. Mdogo wangu akalaza kichwa kwenye paja la mama, akalia kwa sauti.

Kwenye simu vijana walikuwa wamechachawa. Kisha kapteni akasema, "Ngoja, ngoja, huyo ni mathe? Shikamoo mathe!"

"Marahaba, mwanangu," mama akajibu, akiisogelea simu kama dirisha. "Nawe mamako yuko wapi?"

"Ako ushago, mathe, huko kijijini. Mbali sana."

"Hapo ulipo waishi na nani?"

"Mimi huishi solo."

"Kwa hivyo hapana akuitaye."

"Hapana, mama," akasema, na mbio zote zilikuwa zimetoka kwenye Kiswahili chake. Mama akamwambia siku akija Likoni apite ale, na yeye akasema atakuja, na alikuja kweli, akala mbaazi mara mbili.

Baadaye, tulipokwisha kutulia, nikakumbuka kuuliza. Nilikuwa nimeondoa kila sababu, nilikuwa na uhakika wa hilo kama nilivyo na uhakika wa jina langu.

"Mama, kwani ulikuwa unamwitia nini?"

"Si lolote," akasema. Alikuwa ameushika tena ukili wake. "Nyumba ilikuwa kimya. Nilitaka kusikia mwaitika."

Sikuwa na safu ya kuliweka hilo kwenye kompyuta yangu.

Changamwe tulikwenda. Mama alivaa leso mpya na kukaa safu ya mbele, na vijana wa kisiwani walitushinda kwenye pambano la mwisho, jambo ambalo sitalisimulia kwa sababu bado linaniuma. Lakini mtangazaji alipowataja wachezaji wa ng'ambo, watu walisimama kwa ajili ya mdogo wangu kuliko wengine wote, na yeye hajasema tena kwamba anajidanganya.

Msimu mpya ulipofunguliwa, wote walirudishwa chini kama kawaida. Alasiri moja alikuwa uani, anapanda tena, wenzake walewale wanne masikioni mwake, na ulimi pembeni mwa mdomo. Mama akaita kutoka jikoni.

"Mwanangu we!"

"Abee, mama!" akaitika mdogo wangu, na papo hapo sauti ya mama ikafuata, sauti ambayo nyumba ile haijawahi kuisikia tangu ijengwe. "Lakini maliza kwanza! Sina haraka! Maliza kwanza na wenzako!"

Nikageuka kumtazama mdogo wangu, nimejaa furaha, nataka tusherehekee. Mkekani palikuwa na simu peke yake, kifudifudi. Niliinyakua, nikapapasa vitufe, mimi mtu wa Bronzi, na kapteni akauliza huyu anacheza hivi ni nani. Kutoka jikoni nikamsikia mama.

"Nimekwambia umalize, mwanangu."

"Nilishaitika, mama."